Kiti cha Kushoto

Kamembe, 26 Agosti 1984

Kwa kaka yangu mpenzi Amuri,

Assalaam alaikum. Natumaini karatasi hii itakukuta umeketi, umekula, na mwili hauna homa. Wifi hajambo? Na batoto je, yule mdogo aliyekuwa akisumbuliwa na masikio amepona? Sisi huku tu wazima, isipokuwa vumbi la kiangazi linatumaliza vifua, na cherehani yangu imeanza kuruka nyuzi kila nikishona kitenge kizito. Mume wangu Kamali anakusalimu sana. Ya afya ndiyo hayo, tumshukuru Mungu.

Barua hii nimempa Feza, yule mama wa vitenge anayeshuka Uvira na kupanda meli mpaka huko kwenu Kalemie. Nimemwapisha aitie mkononi mwako, asimpe mtu mwingine, na asiondoke mpaka akuone umeifungua, kwa maana nakujua. Maman alipofariki nilikuandikia, nawe ukajibu kwa mistari michache, ukaniomba nisikuletee tena habari za Papa wala za kamyo yake, lile lori la vita. Kaka, nisamehe. Leo sina habari nyingine ila za hao wawili. Na usiruke kurasa kutafuta mwisho, kama ulivyokuwa ukimaliza nyama kwanza na kuuacha ugali peke yake. Soma kwa utaratibu, nitakufikisha.

Yalianza na Mzee Ntabaza. Unamkumbuka, yule Mushi, mtu wa kabila la Bashi kule Bukavu, mwenye kicheko cha kutawanya kuku, aliyekuwa jeshini pamoja na Papa wakati wa vita ya Wazungu. Alivuka daraja la Rusizi mwezi wa sita, fimbo mkononi na mfuko begani, akaingia uani bila hata hodi. Ndani ya mfuko mlikuwa na karburateri ya kamyo. Alisema ameitoa kwa fundi mmoja wa Kadutu, ambaye alikuwa akizuilia nayo mlango usipigwe na upepo. Akaiweka kwenye mkeka mbele ya Papa kama mtu aliyeleta posa, akamwambia kwamba yeye sasa ni wa kufa leo au kesho, mifupa yote inamlilia, na kabla hajaenda anataka vitu viwili tu: asikie tena sauti ya Misri, na aoge maji ya moto ya Bugarama. Tena anataka Misri ndiyo imfikishe kwenye maji hayo, si gari lingine.

Papa aliitazama tu. Tangu ile ajali iliyomvunja mguu hakuna aliyethubutu kuitaja kamyo ile kwa jina. Ilikaa nyuma ya nyumba chini ya mabati yake, magurudumu yamezama udongoni, kuku wanataga penye kiti cha dereva. Wanunuzi wa vyuma wakija, anawafukuza kwa fimbo. Sisi tukitaka kufagia pale, anatufukuza pia. Hakuitaka na hakuiacha. Basi siku hiyo akaichukua ile karburateri, akaigeuza huku na huku, kisha akainusa. Kaka, akainusa! Halafu akaniambia nimletee petroli kidogo na mswaki wa zamani.

Kuanzia hapo nyumba yetu haikuwa nyumba tena, ilikuwa gereji. Wazee wawili, mmoja na mguu wa kuchechemea, mwingine na mgongo usionyooka, wanaingia chini ya Misri baada ya sala ya alfajiri na kutoka wakati wa adhuhuri, weusi kama vyungu. Buji za kuwashia moto wa injini zilitoka Bukavu, mipira ilitoka kwenye lori la zamani la misheni, na vyuma vingine Papa alivichonga mwenyewe kwa tupa, akivipima kwa ukucha. Mimi walinipa kazi ya turubai, viti na mikanda. Nilidhani nitashona ninavyojua. Thubutu! Kila mshono Papa alikuja kuutazama. Alitaka kila kitu kirudi kama kilivyokuwa vitani, mahali palepale, kipimo kilekile. Rangi tuliichanganya mara nyingi, kijani na udongo, kijani na udongo, mpaka Ntabaza akaiona na kusema kwa sauti ndogo kwamba ndiyo hiyo, ndiyo yenyewe. Sijawahi kumsikia Ntabaza akisema neno kwa sauti ndogo.

Na walipokuwa wakifanya kazi walizungumza. Mambo ambayo Papa hakutuambia wewe na mimi tangu tuzaliwe, niliyasikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi na sindano mkononi. Jinsi walivyoshushwa melini kule Naijeria na kukabidhiwa kamyo mpya, mstari mmoja mrefu ambao mwanzo wake huuoni ukiwa mwisho. Jinsi walivyoingia jangwani, siku baada ya siku mchanga tu, hata mti wa kufungia mbuzi hakuna, na jua likizama kila dereva alilala chini ya kamyo yake na kuisikia inapoa, ti, ti, ti, kama kitu chenye roho. Papa alisema huko maji yalikuwa ya injini kwanza, ya binadamu baadaye. Akasema waliolia kwa kiu waliishi, lakini aliyeacha injini yake ife alibaki kule. Nilikuwa najua kamyo yetu inaitwa Misri kwa sababu ilifika Misri. Nilikuwa nalijua hivyo kama unavyolijua jina la mtu. Siku zile ndipo lilipoingia moyoni, kwamba mzee huyu anayegombana na kuku uani kwetu alivuka Afrika na chuma hiki, na wote wawili wakarudi. Nikawa namwangalia Papa kama mgeni.

Kilichobaki mwisho kilikuwa bidoni, lile dumu la chuma. Pale nyuma ya kichwa cha kamyo, upande wa kushoto, kuna kikapu cha chuma cha kushikia bidoni ya maji ya injini. Kikapu kilikuwepo, bidoni haikuwepo. Mimi ndiye niliyekumbuka: baada ya ajali Maman aliichukua, akaifanya ya maji ya kutawadhia, na imekaa jikoni kwetu miaka yote hiyo. Hata maji aliyooshewa Maman siku yake ya mwisho yalitoka humo. Nikaimwaga, nikaisugua kwa mchanga, nikampelekea Papa. Akanipa na kipande cha mkanda wa zamani nishone mwingine wa urefu uleule. Nikamwambia Papa, mkanda huu ni mrefu mno, bidoni itacheza. Akanijibu kwa ukali kwamba jangwani mkanda wa maji haukazwi, unaachwa umelegea ili bidoni itoke kwa mkono mmoja, na kwamba yeye hajaja kufundishwa Misri na fundi wa magauni. Nikashona kama alivyotaka.

Siku ya kuiwasha, mtaa mzima ulijaa ukutani kwetu. Ntabaza alishika manivela, ile fimbo ya chuma ya kuzungushia injini, akazungusha, hakuna kitu. Akazungusha tena, ikakohoa. Watu wakacheka. Mara ya tatu, kaka Amuri, nisikudanganye, ardhi ilitetemeka. Ilitoa moshi mweusi, halafu wa bluu, halafu ikanguruma ile sauti yake, unaikumbuka, inayoanzia tumboni mwako kabla ya kufika masikioni. Mama mmoja wa Gihundwe akapiga kelele ya mshangao, yampayinka, kuku wakaruka ukuta, na mimi nywele zikanisimama, machozi yakanitoka bila ruhusa. Chuma kilichokuwa kimelala kama kaburi! Nilimtafuta Papa. Alikuwa amesimama wima, mkono kwenye paji la uso, anaipigia saluti. Ntabaza naye ameishika manivela kifuani kama bunduki. Hakuna aliyecheka tena.

Ikabaki swali la nani ataiendesha. Mguu wa Papa hauwezi kukanyaga klachi ile, ni nzito kama kusukuma mlango wa benki. Kamali wangu alisema yeye ana mke na batoto, hataki kufa. Basi Papa akanitazama mimi. Akasema nina miguu ya Maman. Alinifundisha kwenye ule uwanda wa kando ya uwanja wa ndege, watu wamejipanga kama kwenye mpira, na kila nilipozima injini walishangilia. Nilitukana moyoni, nikajifunza. Mtu anayesema mwanamke hawezi Misri aje anione ninavyobadilisha gia.

Sasa hapa nivumilie. Nitasema upya mambo unayoyajua kuliko mimi, kama mtu anayetoa ushahidi, na mbele utaona sababu. Misri usukani wake uko kulia, maana ilitengenezwa kwa jeshi la Waingereza, ambao hupita kushoto. Sisi huku tunapita kulia. Kwa hiyo dereva wa Misri anakaa upande wa mtaro, na akiwa nyuma ya gari lingine haoni kinachokuja. Ndiyo maana lazima pawe na muntu wa kushoto. Na kwa vile injini inameza maneno yote, muntu wa kushoto anapiga bati kwa kiganja. Pigo moja: njia wazi, pita. Mawili: kaa ulipo. Mfululizo: simama. Ntabaza alikuwa muntu wa kushoto zamani, kisha ukawa wewe. Hata nyumbani tuliongea hivyohivyo. Maman akiuliza kama aongeze mchuzi, Papa anapiga meza mara moja.

Siku ya arusi ya binti ya shangazi tulikuwa tunapanda kutoka Bugarama. Wanawake nyuma wanaimba na kupiga mbao, mimi nikiwa mmoja wao, na mbele yetu lori la mchele linajikokota. Papa akasikia pigo moja. Akatoka kupita. Penye kona ikatokea pikapu inashuka. Akakata usukani, Misri ikaingia mtaroni, na mguu wake ukavunjika vibaya. Wewe ukasema hukupiga. Ukasema pigo ulilisikia, ila halikuwa lako. Papa, amelala majanini, damu inamtoka, akakuuliza basi ni la nani, la shetani? Na Ijumaa aliyoweza kusimama kwa magongo, nje ya msikiti, mbele ya wanaume wote wa Kamembe, akakuita mwongo na kusema hana radhi nawe. Ukaondoka na begi moja. Kila duka lako lilipofungwa huko, kila mtoto alipougua, uliniandikia kwamba ni radhi ya Papa inayokutafuta. Na Maman alikufa akisema, mtoto yangu si mwongo.

Tangu siku ile hakuna aliyekaa kiti cha kushoto cha Misri. Papa mwenyewe alikipanda kwa mara ya kwanza Jumanne iliyopita, tulipompeleka Ntabaza Bugarama. Alisita mguu mmoja uko juu, akakipangusa kiti kwa mkono, ndipo akakaa. Ntabaza alifungiwa kiti cha mbao nyuma, chini ya turubai langu, kama mfalme.

Kushuka kule sitakusahau kamwe. Misri ilinibeba kama mtu mzima anavyomshika mtoto. Watu walitoka mashambani, wakaacha majembe. Polisi mmoja alisahau kutusimamisha, akatoa kofia. Halafu milima ikafunguka, na chini kabisa tukaiona Bugarama, mashamba ya mpunga yanang'aa maji mpaka upande wa Burundi na upande wa Zaire, na joto likapanda kutupokea usoni. Papa alikuwa akipiga bati, pigo moja, mawili, moja, nami nafanya anavyosema bila kufikiri. Nilijiona kama sina macho yangu, nina ya kwake. Kaka, ulifanya kazi hii ukiwa kijana mdogo, na mimi nilidhani ulikuwa unapunga upepo dirishani!

Pale kwenye maji ya moto wazee walivua mashati, wakaingia mpaka shingoni. Ntabaza akafumba macho, akasema sasa malaika wanaweza kuja, amekwisha kujiandaa. Wakaoga mpaka nikawaambia wataiva.

Tulianza kurudi baada ya adhuhuri. Kupanda si kushuka. Misri ilichemka kabla hatujafika kati ya mlima. Tukasimama palepale penye kijito tulipokuwa tukisimama siku zote, nikachomoa bidoni, nikainywesha injini maji yote. Nikataka kuijaza tena, lakini kwa kiangazi hiki kijito kimebaki uzi tu, ingetuchukua mpaka jioni. Papa akasema tuache, injini imekwisha kunywa, twende. Nikairudisha bidoni tupu kwenye kikapu chake, tukaondoka.

Mbele kidogo tukafika nyuma ya trekta linalovuta mchele. Linatambaa, linamwaga moshi, na mimi sioni mbele chochote isipokuwa magunia. Nikangoja. Barabara ikaanza kupinda na kulalia upande. Kisha nikasikia, pa! Pigo moja, wazi kabisa, upande wa kushoto.

Nikatoka kupita.

Mara Papa akaanza kupiga bati mfululizo kwa mikono yote miwili na kupiga makelele. Nikaona mbele yangu kioo cha pikapu inayoshuka, karibu hivi. Sijui nilifanya nini. Nilikanyaga breki kwa miguu yote, Misri ikalia, ikarudi nyuma ya trekta kama iliyovutwa na kamba, na pikapu ikapita ikitutukania mama zetu. Nikaegesha. Nikazima injini. Mikono haikutaka kuachia usukani. Papa akaniuliza kwa hasira kama nimeingiwa na wazimu, nani kaniambia nipite. Nikamwambia, Papa, si wewe umepiga?

Akasema, Sikupiga.

Nikamwambia umepiga, Papa, nimesikia pigo moja. Akasema pigo hata yeye amelisikia, lakini si la kwake, alikuwa ameshika tasbihi kwa mikono miwili.

Kisha akanigeukia. Kaka yangu, sijui nikuandikieje uso wake. Alikuwa amesikia maneno yake mwenyewe. Alikuwa amekaa palepale ulipokaa wewe, kwenye kona ileile, na kutoka mdomoni mwake yalikuwa yametoka maneno yaleyale. Aliniangalia kama mtu anayeomba nimwamini. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa simwamini.

Akashuka na mguu wake mbovu, bila fimbo. Alimwendea kwanza Ntabaza, akamuuliza kama ndiye aliyefanya mzaha huo. Ntabaza akaapa kwa Bikira Maria kwamba mikono yake ilikuwa imekumbatia kiti kwa woga toka kijitoni. Basi Papa akaniamuru nirudishe Misri nyuma mpaka chini ya kona, nipande tena polepole. Yeye akakaa kiti cha kushoto, akatoa mikono yote miwili nje ya dirisha, juu, vidole vimefunguka, ili mimi na Ntabaza na kila aliyekuwa barabarani tuione. Nikapanda. Barabara ikalalia upande. Pa!

Ilikuwa bidoni. Bidoni ya Maman. Ikijaa maji, inakaa kwa uzito wake na haisemi kitu. Ikiwa tupu, na ule mkanda umelegea, kona ile inailaza, inaangukia bati nyuma ya kiti cha kushoto. Mara moja tu. Inabaki imeegemea pale mpaka barabara inyooke, ndipo irudi kikapuni kimya. Jangwani hakuna kona, wala hakuna mlima, na bidoni haiachwi tupu, kwa hiyo haikuwahi kumsumbua. Na siku ya arusi, akakumbuka mwenyewe, wanawake walikuwa wanaharakisha kufika kabla ya alasiri, akasema kijitoni tusijaze, injini imekwisha kunywa, twende. Maneno yaleyale.

Papa aliichomoa ile bidoni kwa mkono mmoja, kama jangwani, akakaa nayo juu ya jiwe, akaipakata. Alilia, kaka. Si kulia kwa machozi ya pembeni, alilia kwa sauti, barabarani, watu wanapita na baiskeli zao za ndizi. Alikuwa anasema, nilimwita mtoto yangu mwongo, nilimwita mwongo, na huyu shahidi alikuwa jikoni kwangu, nilikuwa natawadha naye. Ntabaza alimshika bega. Mimi nilisimama katikati ya barabara nikiwa kama mtu aliyepigwa na radi. Mlima ule, kamyo ile, bidoni ile, vyote vilikuwa vimelishika neno lako miaka yote, vikingoja tu tuvirudishe mahali pake.

Ijumaa, juzi hii, Papa alikwenda msikitini na bidoni. Baada ya sala watu walipotoka akawaomba wasimame. Mimi nilikuwa langoni pamoja na wanawake, niliona kwa macho yangu. Alisimama palepale aliposimama na magongo. Akaipiga bidoni ukutani, pa, mara moja, akawaambia hicho ndicho kilichomvunja mguu, wala si Amuri. Akasema alimnyima mtoto wake radhi kwa kosa la mkanda alioulegeza mwenyewe, na wote waliomsikia siku ile wamsikie na leo, na wakatoe habari kwao kama walivyoitoa ile. Wazee waliinamisha vichwa. Hakuna mtu Kamembe aliyewahi kumwona baba akijishtaki mbele ya watu kwa ajili ya mwanawe. Mimi nikashika nguzo ya lango.

Nilimwambia basi anitajie maneno ya radhi niyaandike humu, akakataa. Amesema radhi haiendi katika bahasha, inatoka mdomoni na kuingia sikioni. Na si hiyo tu. Anataka akuombe msamaha, na anataka umtazame akiomba. Mwanzoni alitaka apande meli mpaka Kalemie na mguu ule. Ntabaza akamwambia asijifanye mwanajeshi.

Kwa hiyo tumeamua hivi. Feza akirudi na jibu lako tutashuka na Misri mpaka Bugarama, tuvuke Kamanyola, tufuate bonde mpaka Uvira. Papa anasema kamyo iliyofika Misri haiwezi kushindwa na Uvira. Tutakungoja bandarini. Kwenda, atakaa yeye kushoto. Kurudi, amesema atapanda nyuma kwenye kiti cha mbao cha Ntabaza. Kushoto ni kwako. Mkanda nimeukaza, nimeutia na mshono wa pili. Ila ujue hata usingekazwa, kaka Amuri, ukipiga mara moja, mimi napita bila kutazama.

Nisalimie wifi sana, umwambie kitenge chake nimekwisha kukikata, nitakuja nacho. Batoto uwabusu mmoja mmoja, uwaambie wana babu mmoja huku anayewauliza majina kila siku na kuyachanganya. Kamali anasema uje na samaki wakavu. Ntabaza anasema hajafa bado, anakungoja.

Papa amekaa mbele yangu muda wote ninaoandika, bidoni iko miguuni pake. Nimemsomea barua yote tangu mwanzo. Nimemuuliza kama kuna neno la mwisho analotaka nikuandikie. Hakunijibu kwa mdomo. Amenyoosha mkono, akapiga meza mara moja.

Ni mimi dada yako,

Nasiba binti Mbarushimana